Namna ya kuipita Watkins Glen na gari la NASCAR

Nina duka la gemu hapa Kisenyi, Kampala, lenye kiti kimoja cha usukani na pedali tatu. Vijana wanaokikalia wamekulia kwenye Pearl of Africa Rally, mbio za magari za Uganda za barabara za vumbi, basi wanataka mkia wa gari uchezecheze kila kona. Kwenye vumbi la Busiika sawa. Kwenye lami ya Watkins Glen, uwanja wa mbio kule New York, tairi za nyuma zitapata moto na baada ya mizunguko michache gari halikusikii tena.

Gari la NASCAR, mbio maarufu za magari za Marekani, lina zaidi ya kilo 1,450 kabla ya kutia mafuta wala dereva kuingia, na mbio nyingi za NASCAR ni za viwanja vya mviringo, kukata kushoto tu. Kwenye njia ya kona za kulia na kushoto uzito huo ndio unaokusumbua, kwa hiyo jifunze breki kwanza.

Kona ya kwanza inakata kulia na unaifikia ukiteremka. Kaa kushoto kabisa. Kanyaga breki kwa nguvu usukani ukiwa umenyooka, kisha uiachie taratibu kadiri unavyokata. Hapo kwenye kuachia ndipo ninapowashikilia vijana muda mrefu. Ukiachia polepole, uzito unabaki mbele na tairi za mbele zinashika lami. Ukiachia ghafla, pua inanyanyuka na gari linakwenda moja kwa moja, uzungushe usukani utakavyo. Usiharakishe kuugusa ukingo wa ndani. Gari lipate kwanza kugeuka. Likishaelekea unakokwenda, ongeza mafuta kidogo kidogo. Mbele ni mlima wa Esses, kona za kupindapinda kama herufi S, na kasi utakayotoka nayo hapa ndiyo utakayopanda nayo.

Tangu 2022 magari haya yana gia 5 za kupanda na kushuka moja moja kwa mfuatano. Ukishusha haraka kuliko kasi inavyopungua, injini inazikaba tairi za nyuma na mkia unataka kutangulia. Shusha moja, sikiliza injini itulie, shusha nyingine.

Kuhusu miguu: madereva wengi wa NASCAR hushika breki kwa mguu wa kushoto. Shane van Gisbergen wa New Zealand, aliyeshinda Chicago mwaka 2023 katika mbio zake za kwanza kabisa za Cup, daraja la juu la NASCAR, hutumia wa kulia, na mguu huohuo unadokoa mafuta wakati wa kushusha gia. Napenda sana kumtazama. Anayeanza, hata hivyo, namwekea mguu wa kushoto kwenye breki.

Bus Stop, kona fupi za kupindapinda baada ya njia ndefu iliyonyooka, iliwekwa 1992 kupunguza kasi, baada ya dereva J.D. McDuffie kufariki kwenye kona inayofuata mwaka uliotangulia. Ukingo wa kwanza uguse tu, usiuparamie. Tairi zikiwa hewani huna breki wala usukani. Ingia pole, hata kama wa nyuma yako anakukaribia, ili utoke ukiwa umenyooka.

Ukitaka kumpita mtu, jipenyeze ndani wakati wa breki, na pua yako iwe imefika mlangoni mwake kabla hajaanza kukata. Haijafika? Rudi nyuma yake, umjaribu kona nyingine.