Kona ya kuchorea kwenye chumba cha kupanga: anza na mahali pa kukaushia

Kila anayeniuliza namna ya kuanza kuchora nyumbani huanza na meza. Meza ya ukubwa gani, kiti gani, taa ipi. Mimi humrudishia swali moja: picha mbichi italala wapi?

Nachorea ndani ya chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, Dar es Salaam, na nina uhakika na jambo hili: mchoraji anaweza kukaa popote, hata juu ya ndoo iliyofunikwa. Picha ya rangi ya mafuta haiwezi. Inataka siku nzima, na wakati wa masika hata mbili, bila kuguswa, bila vumbi, bila wadudu. Usipoipangia mahali pake, utachora moja Jumamosi, utaiegemeza ukutani, mtoto atapita na bega lake, na kazi imeharibika.

Nachora mtindo wa Tingatinga, ule wa wanyama wa rangi kali na nukta nyingi, kwa hiyo mwongozo huu ni wa rangi ya mafuta ya kopo na hadibodi, yaani ubao mwembamba wa kiwandani. Ni mtindo unaofaa sana chumba kidogo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Oysterbay, hapahapa Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, vitu vilivyokuwa tayari madukani. Rangi hii ni nyepesi na huchuruzika, ndiyo maana ubao hulazwa mezani au mapajani. Huhitaji stendi ya kusimamishia picha, ile inayomeza nusu ya chumba.

Hatua ya 1: Tengeneza kichanja

Hadibodi nzima ni futi 8 kwa 4. Fundi akiikata vipande vya futi 2 kwa 2, unapata 8 na hakuna kinachotupwa. Kipande kimoja ni kama sentimita 60 kila upande, na hicho ndicho kitakachoamua vipimo vyako vyote.

Kichanja changu kiko juu ya mlango, sehemu ambayo kwenye vyumba vingi haina kazi. Fundi seremala alinitengenezea fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili, kisha ndani, kushoto na kulia, akapigilia fito nyembamba zinazopishana sentimita 7 kwenda juu. Ubao unasukumwa kama droo, ukikalia fito kwa kingo zake mbili tu. Vinaingia vipande vitano na hakuna kinachogusa mwenzake. Wewe acha sentimita moja ya ukingo bila rangi, uimalizie mwisho kabisa picha ikiwa kavu. Kama mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, kichanja hichohicho kinakaa vizuri juu ya kabati.

Kisha kivike chandarua. Hili usiliruke. Wakati mmoja wa mvua za vuli nilimaliza kupaka mandhari, yaani rangi ya nyuma ya picha, ya bluu saa mbili usiku. Nikauacha ubao mezani, taa inawaka, dirisha wazi ili harufu itoke. Nilitoka kula uani, na niliporudi kumbikumbi walikuwa wamefuata taa: mabawa yamenasa bluu nzima, mengine bado na mwili wake, yakitetemeka. Ukijaribu kuyabandua rangi ikiwa mbichi, yanatoka na ngozi ya rangi. Nilisubiri siku tatu, nikapiga msasa laini, nikapaka upya. Kipande cha chandarua cha zamani, kilichobanwa kwa misumari midogo kuzunguka fremu na kuachwa kining'inie mbele, kinapitisha hewa na kuzuia wadudu. Vumbi lina dawa yake: piga deki nusu saa kabla ya kuchora. Usifagie, maana ufagio hulinyanyua vumbi likatua juu ya picha.

Hatua ya 2: Chagua dirisha, halafu taa

Dirisha linafanya kazi mbili, kuleta mwanga na kutoa harufu. Dirisha la mashariki litakupiga jua usoni asubuhi, la magharibi jioni. Huku Dar es Salaam tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana hukaa upande wa kaskazini, na dirisha la kusini hupata mwanga mtulivu usiokimbia. Kuanzia Oktoba hadi Februari hivi jua huhamia kusini, ila huwa juu sana na ukingo wa paa hulizuia. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua la kusini. Ukiwa na dirisha moja tu, pazia jepesi jeupe linatosha.

Mwanga uingie kutoka kushoto kama unatumia mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie nukta unayoiweka. Kwa usiku tumia balbu nyeupe, siyo ya njano. Chini ya balbu ya njano, krimu na nyeupe zinafanana, halafu asubuhi unagundua twiga wako ana madoa ya rangi usiyoikusudia.

Hatua ya 3: Meza

Sentimita 90 kwa 60. Ubao unachukua 60, hizo 30 zilizobaki ni za rangi na brashi. Ya kukunja ukutani kwa bawaba ni nzuri; ya kawaida pia ni nzuri. Kiti kiwe kifupi kiasi cha kukuwezesha kuegemeza kiwiko, maana nukta za Tingatinga zinataka mkono uliotulia.

Hatua ya 4: Rangi na tapentaini, hasa kama kuna watoto

Hapa naomba usome taratibu.

Tapentaini, ile ya kulainishia rangi na kuoshea brashi, inafanana na maji. Usiihamishie kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika tano, hata kama unaishi peke yako, kwa sababu watoto wa jirani nao hupita. Iache kwenye kopo lake lenye maandishi, juu, mahali pa kufungwa. Mtoto akiinywa usimtapishe. Ikirudi njiani inaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo madhara makubwa yalipo. Mkimbize hospitali na ubebe kopo lenyewe.

Nunua rangi iliyoandikwa kwamba haina madini ya risasi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na chumba chako ndicho hichohicho anacholala.

Usichore jiko likiwaka, liwe la mkaa au la gesi. Pika kwanza, zima, ndipo ufungue kopo. Na vitambaa ulivyofutia rangi ya mafuta usivikunje na kuvirundika pembeni: vikirundikana hupata joto vyenyewe na vinaweza kushika moto bila kiberiti. Vitandaze uani kimoja kimoja vikauke, au vitie kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.

Usimimine rangi nyingi. Vizibo vya soda ndivyo vyombo bora nilivyowahi kutumia: kimoja kwa kila rangi, matone machache, ukimaliza unakitupa. Kwa kulainisha tumia tapentaini, siyo thina ya rangi za magari, kwani hiyo huinua rangi ya chini ikakunjamana.

Kuhusu harufu, mimi nimegawa kazi. Mandhari, ambayo hula rangi nyingi, napaka Jumamosi asubuhi, madirisha na mlango wazi, ili hadi usiku chumba kilalike. Jioni za siku za kazi ni za mistari myembamba na nukta tu. Kama una mtoto mchanga chumbani, achana na rangi ya mafuta kwa sasa, tumia akriliki inayooshwa kwa maji. Mng'ao utapungua kidogo, ila mtoto atapumua.

Hatua ya 5: Kufunga kazi

Suuza brashi kwenye kopo la tapentaini, zifute, kisha zioshe kwa sabuni ya mche hadi povu litoke jeupe. Zilaze, au zisimamishe nywele zikitazama juu. Tapentaini chafu usiimwage mtaroni. Ifunike hadi kesho, mashapo yatatua chini na ya juu utaitumia tena.

Futa mdomo wa kopo la rangi, funga kwa kugongea mfuniko, uligeuze mara moja juu chini na kulirudisha. Rangi huziba ule mwanya wa mfuniko na utando haufanyiki upesi.

Mwisho sukuma ubao kwenye kichanja, shusha chandarua, acha dirisha wazi. Na kama ni usiku wa mvua, zima taa.