Kabla gundi haijagusa balsa: kujiandaa kuunda ndege ya vita ya rimoti ukiwa Mwanza

Dogo mmoja wa Igoma kanitumia picha ya boksi lake, seti ya Hawker Hurricane, ile ndege ya vita ya Waingereza, mabapa ya balsa (ule mti mwepesi sana) yamekatwa kwa leza, ramani imekunjwa safi kabisa, afu ananiambia kaka leo usiku naanza kugundisha. Nikamwambia dogo tulia, funga boksi kwanza. Kuna vitu inabidi vikae sawa kabla ya gundi na vingi ukivikosea mwanzo huwezi kuvirekebisha mwisho, kwaiyo nimeona niviandike vizuri na wengine wavipate.

Umeshawahi kurusha? Namaanisha kurusha kweli, simuleta ya kompyuta inasaidia sana lakini haitoshi. Ndege ya vita sio ya kujifunzia. Bawa liko chini, ukiachia stiki haijinyooshi yenyewe kama ile ya mafunzo yenye bawa juu, na ukiipunguza sana mwendo kwenye kona ncha moja ya bawa inaacha kubeba, ndege inajipindua inaenda chini, miezi mitatu ya kazi imeisha ndani ya sekunde mbili. Kama bado hujawahi basi unda ya mafunzo kwanza, seti yako iweke kabatini, haiozi.

Kuhusu ndege gani, mi naipenda Spitfire, nyingine ya Waingereza wa enzi hizo, kwa macho, lile bawa la mviringo sijaona la kufanana nalo, ila anayeunda ndege ya vita mara ya kwanza namwambia achukue Hurricane. Miguu ya Spitfire inakunjwa kuelekea nje kwaiyo ikishuka tairi zinakuwa zimekaribiana, na viwanja vyetu vya nyasi na vichuguu inalalia bawa kirahisi. Ya Hurricane inakunjwa kwa ndani, ikishuka inasimama imetanua. Alafu kuna hiki kinachonifurahisha kila nikikifikiria, Hurricane ya kweli iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1935, nyuma ya rubani ilikuwa fremu ya bomba za chuma imezungushiwa fito za mbao ikavikwa kitambaa, zile fito unaziona zimejichora kwa nje. Kwaiyo wewe ukipanga fito zako za balsa mezani unarudia kabisa kazi ya wale mafundi. Bawa la kweli lilikuwa mita 12.2 kasoro kidogo toka ncha hadi ncha, ukigawa kwa 8 unapata mita 1.5, ukubwa mzuri sana.

Ruhusa uishughulikie mapema, hata kabla ya kuagiza. Vyombo visivyo na rubani viko chini ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, usijiamulie mwenyewe kwamba chako ni toi tu, nenda ukaulize. Na uwanja wa ndege wetu uko Ilemela pale pale kando ya ziwa, ndege za abiria zinapita chini wakati wa kutua, kwaiyo upande wote ule usahau. Tafuta eneo wazi nje ya mji huko kuelekea Kisesa au Usagara, ongea na mwenye shamba na viongozi wa mtaa wakujue kabla hawajasikia mlio.

Sasa meza. Hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu ndiko nilikoumia. Bawa langu la kwanza nililiunda juu ya meza ya chakula nyumbani, kwa macho ilikuwa imenyooka kabisa, nikapanga mbavu, nikagundisha, nikachomoa pini baada ya siku mbili, ncha ya kushoto ilikuwa imejisokota kama milimita nne hivi. Nikajiambia itakaa sawa nikishaivika plastiki yake kwa pasi. Haikukaa. Ile ndege kila nikiipunguza mwendo ilikuwa inaangukia upande ule ule, na safari ya tano ikaingia kwenye mahindi ya watu, bodi ikavunjika vipande vitatu. Meza ikiwa imesokoteka bawa linasokoteka vile vile na hakuna pasi wala maombi yatakayolinyoosha.

Kwaiyo nenda kwa seremala tafuta mlango wa flashi uliokataliwa kwa mikwaruzo, ulaze juu ya meza imara, afu funga uzi toka kona hadi kona, nyuzi mbili zipishane katikati. Zikigusana kidogo tu pale katikati mlango uko sawa, moja ikiibeba nyingine au zikiacha nafasi, umesokoteka, weka vijikaratasi chini ya mguu hadi zigusane. Juu yake tandika ile bodi laini ya kubandikia matangazo ofisini ili pini ziingie, kisha ramani, kisha nailoni nyepesi ili gundi isishike ramani. Na meza hiyo itakaa na kazi yako wiki nyingi, ongea na mama watoto mapema, iwe chumba kinachofungwa.

Kitu cha pili ni mzani wa jikoni unaosoma gramu. Balsa sio zote sawa, kuna ya kilo 100 kwa mita ya ujazo na kuna ya 200, kwa macho huzitofautishi. Bapa la unene wa milimita 2, upana sentimita 10, urefu mita 1, ile nyepesi ni gramu 20 na nzito ni gramu 40, bapa lile lile! Pima kila bapa, andika kwa penseli, panga mafungu. Nzito weka kwenye mhimili wa bawa na sehemu za mbele, nyepesi kuliko zote mkiani. Pua ya Hurricane ni fupi, gramu moja ya ziada mkiani inakudai kama gramu tatu za risasi (ile metali nzito, sio ya bunduki) puani ili ndege isimame kwenye kitovu chake cha uzito, na kitovu hicho ni pale ramani inaposema, mara nyingi robo ya upana wa bawa kuja theluthi, ukipima toka ukingo wa mbele kwenda nyuma. Ukipuuza hapa unaishia kubeba risasi maisha yote ya ndege.

Gundi ziwe tatu, gundi nyeupe ya maseremala kwa maungio mengi, epoksi kwa sehemu ya mota na miguu, na supaglu kwa ya haraka. Supaglu iweke kwenye friji ndani ya kopo lililofunikwa, joto la bati linaiua upesi. Fungua madirisha, na usiifute kwa kipande cha kanga, pamba ikinyonya supaglu nyingi inapata moto hadi kuunguza ngozi.

Vya umeme orodhesha vyote siku moja ili usijenge nusu ukakuta sevo (kimota kinachosukuma usukani) haiingii. Betri za lithiamu usimwambie mtu akuwekee kwenye begi la mizigo la ndege, za akiba zinasafiri begi la mkononi tu. Na ukisoma mtu wa Uingereza anasema mota fulani inatosha, kumbuka ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 10, propela inavuta pungufu kidogo kuliko huko na ndege inatua kwa mwendo mkubwa kidogo. Chukua mota yenye ziada.

Mwisho piga hesabu ya miezi. Kuivika ndege ile karatasi ya plastiki kwa pasi kunataka mti uwe mkavu, ukivika wakati wa masika balsa imenyonya unyevu, ikija kukauka Julai inakuwa imesinyaa na plastiki inalegea na kukunjamana. Mi naanza mbao Machi mvua zikiwa zinapiga, kuvika nasubiri Julai au Agosti, mchana umeme ukiwepo. Jioni sivishi wala sipaki rangi, wale wadudu wa ziwani wakija kama moshi kwenye taa wanakufa juu ya rangi mbichi na huwatoi. Kurusha ni asubuhi, saa moja hadi saa tatu, kabla upepo wa ziwani haujaanza kusukuma kuja nchi kavu.