SOMO: Git Bash, MSYS2 na Cygwin zinakrashi baada ya kuwasha ulinzi wa memori kwenye Windows

Wakuu, naandika hili mara moja ili tusiwe tunarudia, maana swali ni lile lile. Git Bash (na ndugu zake MSYS2 na Cygwin, zinazoendesha amri za Unix kama bash na grep ndani ya Windows) inafunguka inajifunga, au inatapika "fork: retry: Resource temporarily unavailable", au inasema "cygheap base mismatch detected", na mtu kashafuta Git kainstoli upya na hali ni ile ile. Kuinstoli upya hakusaidii kwa sababu Git yako haina ubovu. Kilichobadilika ni setingi moja ya Windows inaitwa "Force randomization for images (Mandatory ASLR)", inayolazimisha kila programu na kila DLL (faili la msimbo ambalo programu hupakia) ihamishwe anwani yake kwenye memori ili anayeshambulia asiijue, ambayo kwa kawaida huwa imezimwa, sasa wewe umeiwasha kwa kufuata mwongozo fulani wa usalama au wanaosimamia kompyuta za ofisi wamekuwashia.

Na ule ujumbe wa cygheap unapoteza watu vibaya, kwa sababu unaendelea kusema tatizo huenda ni matoleo tofauti ya DLL ya Cygwin, basi mtu anazunguka diski nzima akitafuta cygwin1.dll ya pili ambayo haipo. Anza na setingi kwanza.

1. Fungua PowerShell kama admini. Bila admini usiendelee.

2. Angalia kama kweli ndiyo yenyewe:

Get-ProcessMitigation -System

Tafuta mstari wa ForceRelocateImages. Ukikuta ON, ndiyo hiyo. Ukikuta OFF au NOTSET, tatizo lako ni lingine, ruka hadi kwenye swali la antivairasi huko chini.

3. Hifadhi setingi zako za sasa:

Get-ProcessMitigation -RegistryConfigFilePath "$HOME\ulinzi.xml"

4. Hapa ndipo wengi wanaangukia, kwa hiyo soma taratibu. Watu wanaingia Windows Security, App & browser control, Exploit protection settings, tabu ya Program settings, wanaongeza bash.exe peke yake kisha wanashangaa grep inakufa. Ulinzi huu unasomwa kwa kila exe inapoanza, yaani bash ikiita sed, sed inaangaliwa kivyake, ssh kivyake, perl kivyake, na kila moja inabeba msys-2.0.dll (ndiyo cygwin1.dll ya upande wa Git na MSYS2), kwa hiyo zote zinahitaji msamaha. Wengine wanaongeza git-bash.exe, ambayo ni kifungulio tu. Hata ile bash.exe iliyoko kwenye Git\bin ni ndogo, kazi yake ni kuita bash halisi iliyoko Git\usr\bin. Kwa hiyo piga zote kwa pamoja:

Get-ChildItem "C:\Program Files\Git\usr" -Recurse -Filter *.exe | ForEach-Object { Set-ProcessMitigation -Name $_.FullName -Disable ForceRelocateImages }

Kama ni MSYS2 au Cygwin badilisha njia ya folda, usikopi kama ilivyo. Na TAFADHALI acha hapo $_.FullName, usiweke jina tupu la exe. Ukitumia jina tupu, msamaha unamhusu kila mwenye jina hilo popote alipo kwenye mashine, na ndani ya usr\bin kuna find.exe na sort.exe, majina ambayo Windows nayo inayo ndani ya System32. Utakuwa umevua ulinzi programu za mfumo ambazo hukuzikusudia. Jambo lingine, usiguse "Bottom-up ASLR" wala "High-entropy ASLR", hizo huwa zimewashwa tangu mwanzo na Git Bash inaishi nazo vizuri tu.

5. Funga madirisha yote ya bash, fungua upya. Msamaha wa programu moja moja hauhitaji kuzima kompyuta, unaanza kazi exe inapoanza tena.

6. Git ikijiapdeti na kuleta exe mpya, rudia amri ya hatua ya 4. Zile za zamani zinabaki na msamaha wao kwa sababu njia haijabadilika.

MASWALI

Swali: Mkuu nimefanya kila kitu bado inagoma.
Jibu: Kila kitu ni kipi? Weka hapa jibu la hatua ya 2 na ujumbe wa hitilafu wote, sio nusu.

Swali: Nimeweka, ForceRelocateImages ON, na Git yangu iko diski D.
Jibu: Na amri uliyopiga inasema C. Soma tena mstari wa kubadilisha folda.

Swali: Kwa nini tusizime tu Mandatory ASLR kwa mashine nzima? Ni kubofya mara moja, hii yako ndefu bila sababu.
Jibu: Sababu ipo. Unaweza kuzima, rudisha kwenye "Use default", zima uwashe kompyuta, bash itafanya kazi. Lakini aliyeiwasha aliiwasha ili zile programu za zamani ambazo hazikutengenezwa zikubali kuhamishwa anwani zilindwe pia. Kuwanyima ulinzi wote kwa ajili ya folda moja mimi sishauri, na amri ni mstari mmoja unaokopi.

Swali: Samahani kwa swali la kizembe, mbona "git status" inafanya kazi vizuri ila hook na "git submodule" ndio zinakufa?
Jibu: Sio la kizembe kabisa, limenifurahisha. git.exe yenyewe iko mingw64\bin na ni programu ya Windows ya kawaida, haitegemei msys-2.0.dll. Lakini hook, yaani skripti ambayo Git inaiita yenyewe, inaendeshwa na sh, na submodule ni skripti ya sh, hapo ndipo unaingia kwenye usr\bin. Ndiyo maana amri yangu inagusa usr tu.

Swali: Naomba kuelewa, kuhamisha anwani kunaiua vipi bash wakati programu nyingine zinahamishwa na zinadunda?
Jibu: Kwa sababu ya fork. Kwenye Unix prosesi inajigawa, mtoto anazaliwa na memori ile ile ya mzazi. Windows haiwapi programu za kawaida kitu hicho, kwa hiyo Cygwin inaigiza: inaanzisha exe ile ile upya kwa CreateProcess, halafu memori ya mzazi inanakiliwa kwa mtoto, yaani data, hipu na staki. Sasa ndani ya memori hiyo kumejaa anwani za vitu vilivyoko ndani ya DLL. Mtoto akikuta DLL imekaa mahali pengine, anwani zote alizorithi zinaelekeza hewani, ni kama kunakili orodha ya namba za vyumba halafu jengo likahamishwa. Cygwin inaligundua hilo mapema na kujiua yenyewe, bora hivyo kuliko kuharibu data. DLL yake imetengenezwa makusudi bila ruhusa ya kuhamishwa, na ASLR ya kawaida, ile iliyoanza na Windows Vista, inaheshimu hilo. Mandatory haiheshimu, inahamisha kwa nguvu.

Swali: Kumbe! Na WSL nayo?
Jibu: Haiguswi. WSL ni Linux ndani ya Windows, na WSL 2 inaendesha keneli halisi ya Linux, fork ni ya keneli. Ila angalia bash ipi unaita, maana ya WSL iko System32 na jina ni hilo hilo bash.exe.

Swali: Mimi niliiwasha Mandatory kwa kuhariri rejista. Sawa?
Jibu: Hakikisha Bottom-up nayo imewashwa. CERT/CC, kituo cha Marekani cha tahadhari za usalama wa kompyuta, ilitoa onyo Novemba 2017 kwamba kuanzia Windows 8, Mandatory bila Bottom-up inahamisha programu kweli lakini inazipeleka anwani ile ile kila mara, kwa hiyo anayeshambulia anaijua. Unabaki na bash iliyokufa na ulinzi usio na faida.

Swali: Yangu ni OFF lakini fork inagoma mara moja moja, sio kila mara.
Jibu: Hapo shuku antivairasi au programu nyingine inayochomeka DLL yake ndani ya kila prosesi, inakalia nafasi ambayo mtoto anaihitaji. Ujumbe wake mara nyingi una "address space needed by" na jina la DLL. Cygwin wana orodha ya programu sumbufu, wanaiita BLODA, iko kwenye maswali yao ya kawaida. Iweke folda ya Git kwenye msamaha wa antivairasi ujaribu, ikigoma itoe antivairasi hiyo kabisa kwa muda, maana nyingine ukizizima tu DLL yao inabaki.

Swali: Niliambiwa nipige rebaseall.
Jibu: Hiyo ni amri ya kupanga upya anwani za DLL, dawa ya Cygwin ya biti 32, ambako nafasi ya anwani ni finyu na DLL zinagongana zenyewe. Funga kila kitu cha Cygwin pamoja na sshd kama unayo, fungua cmd, ingia bin ya Cygwin, anzisha dash, kisha /bin/rebaseall -v. Mandatory ikiwa ON haitakusaidia kitu.

Swali: Kwangu ofisi inarudisha setingi kila baada ya muda, misamaha inapotea.
Jibu: Hiyo ni sera inashuka kutoka juu, huwezi kushindana nayo. Fanya hatua ya 4, kisha haraka toa faili kama hatua ya 3 lakini kwa jina jipya, wapelekee wahusika. Wao wanaingiza misamaha yako kwenye XML yao na inashuka pamoja na sera.

Swali: Nimewapelekea, wamekubali ila wanataka orodha fupi, sio exe mia na kitu.
Jibu: Wape bash, sh, mintty, ssh, grep, sed, awk na gawk, perl, cat, ls, rm, uname, cygpath. Kisha tumia siku chache, ikifa nyingine ongeza jina lake. Njia kamili kila moja, wasije wakaweka majina matupu.