Kuhamishia Rejista ya Vitabu kwenye Koha: Mwongozo kwa Wakutubi wa Shule

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mkutubi wa shule moja ya sekondari hapa Dodoma kuhamishia rejista yake kwenye Koha, programu huria ya kuendesha maktaba iliyoanza kutumika mwaka 2000 katika maktaba za Horowhenua, New Zealand. Kuisakinisha ni kazi ya muda mfupi. Kinachochosha ni orodha ya vitabu iliyokwisha kuchapwa kwenye Excel, kwa hiyo hatua ya pili imekuwa ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Kusakinisha

Tenga kompyuta moja, uiwekee Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Sishauri kuiendesha Koha kwenye mashine pepe ndani ya Windows, kwa sababu umeme ukikatika ghafla utakuwa na mifumo miwili ya kufufua badala ya mmoja. Ongeza hazina rasmi ya Koha, sakinisha `koha-common` pamoja na MariaDB (hifadhidata ya kutunzia rekodi), kisha andika `sudo koha-create --create-db shule`, ambapo «shule» ni jina unaloupa mfumo wako. Nenosiri la kuingilia mara ya kwanza utalipata kwa `sudo koha-passwd shule`. Katika maswali ya mwanzo chagua MARC 21 (muundo wa kawaida wa rekodi za maktaba), sajili tawi na aina za vitabu, na uinakili misimbo yake karatasini, kwa mfano MKT kwa tawi, KIADA na ZIADA kwa aina.

Hatua ya 2: Kusafisha faili la Excel

Usifungue Koha kabla hujaimaliza hatua hii.

Anza na safu ya ISBN. Excel huichukulia ISBN yenye tarakimu 13 kuwa namba ya hesabu, na huifupisha. Vitabu vilivyochapishwa Tanzania vyenye ISBN inayoanza na 9789976 huonekana vyote kama 9.78998E+12, na ukilihifadhi faili kama CSV (maandishi matupu yanayotenganishwa kwa koma) katika hali hiyo, tarakimu zilizofichwa hupotea moja kwa moja, ikabidi kurudi rafuni kuchukua kitabu kimoja kimoja. Igeuze safu nzima kuwa ya maandishi kabla ya kuchapa chochote. Fanya vivyo hivyo kwa namba za uandikishaji, kwani 000417 ikibaki 417, barkodi uliyoibandika kwenye kitabu haitalingana na rekodi.

Kisha ishughulikie ritifaa, ambayo miongozo ya kigeni haina sababu ya kuitaja. Maneno kama ng'ombe, au jina la kata ya Ng'hong'onha, yakinakiliwa kutoka Word huja na ritifaa iliyopinda. Faili likihifadhiwa kama CSV ya kawaida kisha likasomwa kama UTF-8 (usimbaji wa herufi unaotumiwa na Koha), mahali pa ritifaa hiyo hutokea alama ya ajabu, na msomaji akitafuta «ng'ombe» huenda asikione kitabu kilichopo rafuni. Tafuta ritifaa zote zilizopinda, uzibadilishe ziwe zilizonyooka, halafu uhifadhi kwa UTF-8. Mimi hupendelea LibreOffice Calc kwa kazi hii, kwa kuwa huuliza waziwazi aina ya usimbaji wakati wa kuhifadhi CSV. Excel huamua yenyewe usipoiangalia.

Mwisho ni nakala nyingi za kitabu kimoja. Rejista huipa kila nakala mstari wake, hivyo nakala 40 za kitabu cha kiada cha Fizikia zitaingia Koha kama rekodi 40 tofauti. Kanuni ya kulinganisha ISBN haitakuokoa, kwa sababu hulinganisha na rekodi ambazo tayari zimo, wala hailinganishi mistari ya faili lile lile. Bakiza mstari mmoja kwa kila kitabu, na pembeni uandike idadi ya nakala na namba yake ya kwanza.

Hatua ya 3: Kugeuza kuwa MARC

Tumia MarcEdit, ambayo hutolewa bure ingawa si programu huria, sijaona inayoifikia. Peleka kichwa cha kitabu kwenye 245$a (namba ya uga wa MARC, kisha herufi ya sehemu yake), mwandishi 100$a, ISBN 020$a. Taarifa za nakala huenda 952: tawi $a na $b, namba ya Dewey $o (fasihi ya Kiswahili ni 896.392), barkodi $p, aina $y. Sehemu zote za 952 lazima uziunganishe ziwe uga mmoja kabla ya kugeuza, la sivyo kila kipande kitasimama kama nakala inayojitegemea. Misimbo ya tawi na aina ifanane herufi kwa herufi na ile ya karatasini.

Hatua ya 4: Kuingiza

Jaribu kwanza kwa mistari kumi. Kundi likiharibika, Koha hukuruhusu kuliondoa lote. Vitabu vikiingia lakini utafutaji usivione, andika `sudo koha-rebuild-zebra -v -f shule`.

Hatua ya 5: Nakala na barkodi

Fungua rekodi, andika barkodi ya nakala ya pili, kisha agiza nakala nyingi kwa mkupuo. Koha itaongeza namba moja moja yenyewe. Bandika barkodi ndani ya jalada, kwani vumbi la Dodoma na mikono ya wanafunzi huzifuta haraka zile za nje.

Kila Ijumaa andika `sudo koha-dump shule`, kisha uchukue mafaili yaliyomo `/var/spool/koha/shule` na kuyaweka kwenye flashi inayotunzwa nje ya chumba cha maktaba.