Kuchora bila kupanga kwenye bamba la shaba

Mwingereza Stanley William Hayter alifungua karakana ya uchapaji Paris mwaka 1927, na wasurealisti, wasanii waliofuata ndoto na mambo yasiyopangwa na akili, kama Miró na Masson walifanya kazi humo. Jambo moja la karakana hiyo ndilo tutakalofanya hapa: badala ya kuzungusha mkono, zungusha bamba. Mkono una mazoea yake. Ukiuachia tu, utachora jicho, ua au saini yako.

1. Chukua bamba la shaba la unene wa milimita 1, ukubwa wa kiganja. Piga tupa kingo zote nne ziwe mshazari, la sivyo zitachana karatasi. Penseli iweke mbali.

2. Laza bamba juu ya kifuko cha ngozi chenye mchanga. Hayter alitumia burini, patasi ndogo ya kuchongea chuma, lakini anayeanza atoshewe na sindano ngumu ya chuma. Mkono mmoja ukandamize sindano, mwingine uzungushe bamba taratibu. Ukianza kuona samaki, geuza bamba juu chini uendelee. Mistari inapokatana sindano hushtuka na kuruka. Huo mruko uache ulivyo.

Sasa pitisha kidole kwa uangalifu. Utahisi shaba iliyofukuliwa imesimama kando ya mfereji, kali kidogo. Usiikwangue, maana ndiyo inayoshika wino na kuupa mstari ule weusi wa mahameli.

3. Mistari ikishafunga vyumba vichache, acha. Bamba lililojaa halina nafasi ya umbo kujitokeza.

4. Loweka karatasi nzito ya pamba nusu saa, kisha ifyonze maji ya juu kwa taulo. Sukumia wino kwenye mifereji kwa kipande cha kadibodi, futa kwa shashi ukizungusha, malizia kwa kiganja. Laza karatasi juu ya bamba, pitisha kwenye mashine ya roli, blanketi juu.

5. Chapa itatoka imegeuka, kushoto kuwa kulia. Itazame kutoka pande zote nne. Masson naye hakuishia kwenye bahati: umbo likijitokeza katika mistari yake ya ovyo, aliliendeleza. Rudi kwenye bamba, ongeza mistari michache ya makusudi, chapa tena. Fanya hivyo mapema, kwa sababu kila mpito wa roli hulaza ile shaba iliyosimama, na baada ya chapa kadhaa weusi huanza kufifia.