Kutafuta Kinachomaliza Betri ya Trela la Safari Lililoegeshwa

Trela la safari lililoegeshwa taa zote zikiwa zimezimwa bado linaweza kumaliza betri yake, kwa sababu vifaa kama kigunduzi cha gesi, kumbukumbu ya redio na mitambo ya kuendeshea friji huendelea kuvuta umeme usiku na mchana. Mkondo wa ampea 0.1 tu hula ampea-saa 2.4 kwa siku, kiasi cha kuishusha betri ya ampea-saa 100 hadi nusu katika muda wa wiki tatu hivi. Kwa hiyo pima kwanza ujue ni kiasi gani kinapotea na kinapitia wapi, kabla ya kutoa fedha kununua betri nyingine.

Anza na betri yenyewe. Ijaze chaji, itenganishe na trela, iache itulie kwa saa kadhaa, kisha pima volti zake. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 iliyojaa huonyesha takriban 12.6 au zaidi kidogo; ikiwa itashuka sana ndani ya siku chache bila kuunganishwa na chochote, ubovu umo ndani yake.

Betri ikiwa nzima, chomoa umeme wa nje na plagi ya gari linalovuta, tenga paneli za sola, kisha zima pampu, feni na invata (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani). Vua pete na saa ya chuma. Weka multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, kwenye kipimo cha ampea, waya mwekundu ukiwa katika tundu la ampea 10, fungua waya hasi wa betri, kisha unganisha multimita kati ya nguzo hasi na waya huo. Usiiunganishe kamwe moja kwa moja kati ya nguzo hasi na chanya, kwa kuwa hiyo ni shoti, na usiwashe jeki ya umeme wakati huo, kwani mkondo wake utaunguza fyuzi ya multimita.

Usomaji ukishatulia, uandike, kisha chomoa fyuzi moja baada ya nyingine ukitazama namba. Kazi hii inataka subira: rudisha kila fyuzi mahali pake kabla ya kugusa inayofuata, la sivyo hutajua ni ipi iliyopunguza mkondo. Fyuzi inayoishusha namba kwa kiasi kikubwa ndiyo njia ya kufuatilia, kifaa kwa kifaa.

Iwapo hakuna fyuzi iliyoishusha namba, zitoe zote kwa pamoja; mkondo ukiwa bado upo, kagua nyaya zilizofungwa moja kwa moja kwenye betri, ambazo mara nyingi hata swichi kuu haizikati: jeki, invata, kidhibiti cha sola, na swichi ya breki ya dharura, inayofunga breki za trela likichomoka kwenye gari. Hiyo ya mwisho isipuuzwe, kwa sababu pini yake ikichomoka, sumaku za breki huvuta ampea kadhaa mfululizo.

Kifaa kisicho cha usalama kihamishiwe upande unaokatwa na swichi kuu. Kigunduzi cha gesi, kwa upande wake, kisizimwe kamwe watu wanapolala ndani. Trela likikaa tupu kwa muda mrefu, fungua waya hasi wa betri. Baada ya marekebisho, rudia kipimo kilekile na ulinganishe na namba uliyoandika mwanzoni.