Rivolva za kale za risasi za ukingoni: kuzitambua na kuzithamini

Ukirithi rivolva ya zamani, anza na polisi, si mnunuzi. Uzee wa silaha usikufanye udhani imetoka mikononi mwa Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usiitie kwenye begi ukapanda nayo mwendokasi. Toa taarifa kituoni, ufuate maelekezo yao, na mtaalamu wao athibitishe kuwa haina risasi. Hadi hapo, ihesabu kuwa imejaa.

Ikishakuwa salama, tazama nyundo. Risasi za ukingoni hazina fataki, yaani kidonge cha kuwashia baruti, katikati ya kitako. Kemikali ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda. Kwa hiyo pua ya nyundo hugonga pembeni, na ganda lililotumika hubaki na kovu ukingoni. Matundu ya silinda nayo lazima yawe yametoboka mbele hadi nyuma. Yakiwa yamezibwa nyuma, umeshika rivolva ya fataki, inayojazwa baruti kwa mbele na kuwekewa fataki nyuma, aina nyingine kabisa.

Inayotafutwa sana ni Smith & Wesson Model 1, ya risasi saba za .22, iliyoanza 1857. Mtutu wake hukunjuka kwenda juu, silinda ikachomoka nzima, na maganda husukumwa nje kwa kijiti kilicho chini ya mtutu. Ina matoleo matatu. La kwanza lina fremu yenye mbavu za mviringo na kifuniko kidogo cha duara ubavuni. La pili, kuanzia 1860, lina mbavu bapa na kifuniko kikubwa kisicho duara. Yote mawili yana mtutu wa pembe nane, silinda isiyo na mifereji na fremu ya shaba ya njano iliyopakwa fedha. La tatu, la 1868, lina mtutu wa mviringo, silinda yenye mifereji na mpini uliopinda kama kichwa cha ndege. La kwanza ndilo adimu, na bei yake huyaacha mbali mengine.

Maandishi "APRIL 3, 1855" kwenye silinda huwapotosha wengi. Si mwaka wa kutengenezwa. Ni tarehe ya hataza (haki ya pekee ya uvumbuzi) ya Rollin White juu ya silinda iliyotobolewa mbele hadi nyuma, iliyowabana washindani hadi 1869. Ukikuta jina la kiwanda kingine pamoja na "Made for Smith & Wesson", usiidharau: ni ya waliobanwa na hataza hiyo, na ina wakusanyaji wake.

Namba ya Model 1 iko chini ya mpini. Ilinganishe na ile iliyo ndani ya kibao cha kulia cha mpini, lakini kukifungua umwachie fundi mwenye bisibisi inayokaa sawasawa: mfereji wa skrubu ukichubuka, thamani inashuka palepale.

Kinachoua thamani kuliko vyote ni usafi. Msasa, waya wa kusugulia masufuria, nikeli mpya: kingo za mtutu hulainika, herufi hufifia, na hakuna fundi wa kuzirudisha. Kwa unyevu wa Dar, paka mafuta ya cherehani kidogo kwa kitambaa laini, na usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hunyonya unyevu na kuleta kutu.

Usiijaribu kwa risasi za leo. Vyuma hivi vilitengenezwa kwa baruti nyeusi. Kwa bei, fuata zile zilizokwisha kulipwa minadani, za toleo na hali ileile, si bei wanazotangaza wauzaji.